Mlango wa Karavani Unang'ata

Noreen Hubka alijulikana mji mzima kwa hofu, ingawa kwa miaka ishirini na miwili aliwapikia watoto wa shule ya msingi na hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo. Alikuwa mtu wa kutoka kanisani katikati ya wimbo ili akahakikishe jiko limezimwa. Zabibu alizikata vipande vinne vinne kabla hajampa mtoto. Maziwa aliyoyafungua asubuhi aliyanusa tena mchana. Corinne, binti yake wa pekee, alijifunza mapema sana kusema "sawa, Mama" huku masikio yake yako kwingine.

Kitu kimoja tu hakikumnyima usingizi, nacho ni umeme. Huo alimwachia mumewe. Leland Hubka alifanya kazi kwenye ghala la nafaka kando ya reli, na kwenye mtaa wao mwanamume aliyemwita fundi nyumbani kwake alitazamwa kama mtu aliyeomba akatiwe nyama mezani. Bomba alitengeneza mwenyewe, paa alipanda mwenyewe, na nyaya alizishika mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa ya kizamani, ya enzi za soketi za matundu mawili, na Leland alizing'oa moja baada ya nyingine akaweka za matundu matatu. Miaka mitatu iliyopita moyo wake ulisimama ghafla kazini, saa nne asubuhi. Tangu hapo Noreen akiwasha taa alisema "asante, mzee" kimoyomoyo, maana taa iliwaka.

Mwezi wa sita Corinne akaja na familia yake. Mumewe Brandt ni mchomeleaji wa mabomba makubwa ya gesi, kazi ya kuhamahama, kwa hiyo walikuwa wameuza nyumba yao na kununua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya pikapu. Ina vitanda, jiko, choo, na ngozi ya alumini nje. Walitaka kukaa mwezi mmoja uani kwa Noreen hadi kazi ya kaskazini ifunguliwe. Noreen alikuwa ametandika vyumba viwili na kuoka mikate ya kabichi na nyama. Corinne akamwambia kwa upole kwamba mikate wataila, lakini kulala watalala kwao. Nyumba yao wamekuja nayo.

Basi Brandt akairudisha karavani kinyumenyume hadi kwenye kokoto kando ya banda la gari, akaweka mbao chini ya miguu yake ya chuma, akavuta waya mnene kama mkono wa mtoto. Plagi ya waya ule ni kubwa, haiingii kwenye soketi ya nyumba. Akaivisha adapta ndogo ya manjano, akaingia bandani, akachomeka kwenye soketi ya ukutani, pembeni ya plagi ya friza ya Noreen ya nyama. Kiyoyozi juu ya karavani kikaguruma. Tilda, mjukuu wa miaka minne, akapiga makofi.

Brandt akawakusanya kuwapa sheria. Soketi ya nyumba haina nguvu za kuibeba karavani yote. Kiyoyozi na maikrowevu haviwaki pamoja; vikiwaka, swichi ya ukutani itajikata na friza ya Mama itazimika. Kwa hiyo anayetaka maikrowevu apige kelele kwanza, kiyoyozi kizimwe. Ndani ya siku mbili uwanja mzima ulikuwa na mchezo. Corinne anaita "maikrowevu", Brandt anazima, chakula kinapashwa, kiyoyozi kinawashwa tena. Noreen aliupenda mchezo ule. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata hofu yenye kanuni, na kila mtu aliogopa naye.

Siku ya tatu, mbwa akagoma.

Ni mbwa wao, jina lake Biskuti, mnyama mvivu asiyekataa kitu ila kuoga. Asubuhi yenye umande alielekea kwenye ngazi ya karavani, ngazi ya chuma yenye vidaraja viwili, akanusa kile cha chini. Akalia kama aliyekanyagwa. Kisha akakimbilia chini ya mti wa mzabibu pori na hakutoka tena, hata alipoonyeshwa soseji. Brandt alisema amechomwa na nyigu. Noreen alikuwa dirishani akisuuza vikombe. Nyigu hakumwona. Alikwenda, akaitazama ngazi juu na chini, akaigonga kwa kiatu chake. Haikumfanya kitu. Akarudi kwenye vikombe vyake, lakini aliendelea kutazama nje, na siku ile alivunja kimoja.

Jumatano joto lilipanda hadi lami ikalainika barabarani. Brandt akaweka kinyunyizio cha bustani katikati ya majani, na Tilda akashinda humo, amevaa chupi tu, akikimbia ndani ya maji na kutoka. Mchana akaingia jikoni kwa bibi yake akidondosha maji sakafuni, akanyoosha kiganja.

"Bibi, mlango unang'ata."

Noreen alizima jiko kwanza, halafu akapiga goti. Akauliza ni mlango gani. Wa kule kwetu, akasema mtoto. Unang'ata kama Biskuti? Tilda akatikisa kichwa.

"Kama nyuki. Nyuki wengi wako ndani ya mkono."

Kiganja hakikuwa na alama. Noreen akakigeuza, akakinusa, akakigeuza tena. Akauliza kama mlango ulimng'ata jana. Hapana. Juzi? Hapana. Unang'ata lini? Mtoto akafikiri, akainua mguu mmoja uliojaa nyasi mbichi, akasema unang'ata ukiwa umelowa.

Corinne alikuwa mezani akimenya mahindi. Alicheka. Alimkumbusha mama yake kwamba juma lililopita Tilda alidai mwezi umemfuata hadi chooni. Hata yeye mwenyewe, alisema, jana alihisi kachonyoto kadogo kwenye komeo, ni ukavu wa hewa, kila mtu anajua. Noreen akamwambia hewa yenye umande si kavu. "Sawa, Mama," akajibu Corinne.

Lakini Brandt ni kijana mwema, na mama mkwe akishaanza kusugua vidole vyake hakuna amani. Akatoa kwenye kisanduku chake testa ndogo ya kupimia soketi, yenye taa tatu, ile wanayobeba watu wote wa karavani. Aliingia naye bandani, akaondoa plagi ya friza, akaichomeka testa pale. Taa mbili za manjano zikawaka. Akamwonyesha maandishi ubavuni: manjano mbili, soketi salama.

"Unaona, Mama? Hii haina wasiwasi."

"Na mbwa je?"

"Mama, mbwa huyo anaogopa mkate uliodondoka."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mjukuu wako," alisema Brandt akicheka. "Amerithi."

Na kuhusu nyaya za nyumba hii, aliongeza, ni za Mzee Leland. Yeye nani aziguse. Hapo Noreen alishikwa. Kama anaishuku soketi ile, anamshuku nani?

Akatoka nje akasimama kwenye majani, mita chache kutoka karavani. Testa imesema. Mkwe amesema. Binti amecheka. Mtu mzima mwenye akili angerudi kwenye mahindi. Lakini Noreen alizaliwa shambani, kati ya ng'ombe na nyaya za uzio wa umeme, na baba yake alimfundisha jambo moja kabla hajajua kusoma: uzio usioujua usiushike kwa kiganja. Kiganja kikipigwa hujifunga kama ngumi, nawe utabaki umeushika hadi mtu aje. Gusa kwa mgongo wa mkono. Ukipigwa, mkono utaruka wenyewe.

Akavua kiatu cha kulia. Akavua na soksi. Majani yalikuwa yamelowa chapachapa. Akasogea, akapeleka migongo ya vidole taratibu kwenye alumini ya karavani, chini ya dirisha, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Haukuwa uzio wa ng'ombe. Uzio hupiga na kuacha, hupiga na kuacha. Hiki hakikuacha. Kilipanda mkono hadi begani, kikamtikisa meno, mkono ukaruka, naye akajikuta ameketi majini, mdomo wazi, sauti haitoki. Aliiona karavani mbele yake, nyeupe, nzuri, pazia za maua dirishani. Nyumba nzima ilikuwa waya.

Na Tilda alikuwa ametoka jikoni. Alikuwa amemaliza kusikilizwa, amechoka na wakubwa, na sasa alitaka barafu yake ya sukari iliyoko kwenye friji ya karavani. Alipita tena katikati ya kinyunyizio, akalowa upya, akakimbia kuelekea mlangoni na kiganja kimenyooka.

Noreen alijaribu kuita. Ilitoka pumzi tu. Alipima kwa jicho, na jicho la mama halihitaji futi: kwa mtoto hatafika. Kwa soketi atafika. Brandt alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda akifunga kisanduku chake. Noreen alimpita kwa bega akamgonga ukutani, mguu mmoja na kiatu mmoja bila, akaushika waya mnene kwa mikono miwili kwenye mpira wake, akavuta kwa uzito wake wote. Adapta ikatoka na kipande cha kifuniko. Kiyoyozi kikafa.

Nje, komeo likalia ko! Mlango ukafunguka. Kisha sauti ya Tilda, yenye manung'uniko: barafu hii imeshikana na karatasi.

Hivyo tu. Hakuna aliyeona kitu. Corinne alitoka akamkuta mama yake ameketi juu ya sakafu ya banda, amelowa, amekumbatia plagi kama mtoto mchanga, na mumewe anajishika kiwiko.

"Amepatwa na nini?"

"Sijui," alisema Brandt. "Aliuliza, nikampimia, akanipiga kumbo."

Noreen alipopata sauti aliwaambia. Hawakuamini papo hapo, na asiwalaumu mtu. Testa ilikuwa na taa zake mbili. Brandt alisema labda ni mshtuko wa joto, Mama anywe maji, arudishe waya kabla barafu za friji ya karavani hazijayeyuka. Akanyoosha mkono. Noreen akauweka waya sakafuni, akavuta kiti cha kukunja, akakiweka juu ya waya, akaketi.

"Utanibeba na kiti," alisema.

Kisha akasema neno ambalo Corinne hakuwahi kulisikia katika nyumba ile: aitwe fundi umeme. Aitwe Vernon Sladek.

Vernon alikuwa rafiki wa Leland tangu ujana, fundi mwenye cheti, na miaka thelathini Leland alimtania kwenye michezo ya karata kwamba nyumba ya Hubka ndiyo pekee mjini asiyoijua ndani. Corinne akawa mwekundu. Alimuuliza mama yake kama kweli anataka Vernon aje kuchokonoa kazi ya Baba, na Baba hayupo wa kujitetea. Noreen alisema anataka aje na vyombo vyake vyote.

Alikuja baada ya nusu saa, mzee mrefu mwenye suruali ya ovaroli, akamsalimu shemeji yake pale alipo juu ya kiti wala hakucheka. Alisikiliza hadithi ya mbwa, ya nyuki, ya mgongo wa mkono. Akawaambia wote wasimame kwenye kokoto kavu na mtoto abebwe. Akaurudisha waya kwenye soketi. Kisha akatoa mfukoni kalamu ya plastiki, aina inayolia ikikaribia umeme, akaanza kutembea kuelekea karavani.

Kalamu ililia angali hatua moja kutoka ukutani. Alizunguka nayo nyumba nzima ile: mlango, ngazi, komeo, fremu ya dirisha, ndoano ya kukokotea, na mahali pote kalamu ililia bila kupumzika. Brandt alikuwa amemshika Tilda. Noreen alimwona anambana taratibu zaidi na zaidi, hadi mtoto akalalamika.

Vernon akakata swichi kuu, akafungua soketi kwa bisibisi, akaivuta nje. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Njoo uone, shemeji. Wewe ndiye uliyenusa."

Mle ndani kulikuwa na nyaya mbili tu za zamani, zimefungwa kitambaa, na kwa uzee zote mbili zimekuwa nyeusi. Vernon alieleza polepole. Nyumba hizi hazina waya wa ardhi, ule wa kuondoa umeme ukipotea njia. Soketi ya matundu matatu inautaka. Sasa mtu asiye na waya wa tatu hufanya ujanja: huunganisha kwa kipande kifupi skrubu ya waya unaorudisha umeme na skrubu ya ardhi. Akikisia sawasawa, testa inafurahi. Leland alikisia vibaya. Nyaya zote nyeusi, akabadilisha wa moto, ule unaoleta umeme, na wa kurudi, kwa hiyo kipande chake kifupi kilichukua moto wote kikaupeleka kwenye tundu la ardhi. Testa bado inafurahi, maana haijui ardhi iko upande gani. Inalinganisha tundu kwa tundu. Swichi haijikati, maana karavani iko juu ya mpira na mbao, umeme hauna pa kwenda. Unangoja.

"Unangoja nini?" Corinne aliuliza.

Vernon aliitazama miguu mitupu ya Tilda.

Noreen alikuwa anakitazama kile kipande kifupi. Shaba, kimepindwa kwa koleo, ncha zake zimezungushwa vizuri kufuata skrubu. Nadhifu. Alikijua. Jumamosi moja yapata miaka kumi na tisa iliyopita yeye ndiye aliyeshika tochi Leland akikipinda, na walikuwa wakiimba. Na baadaye, juma hilohilo au lililofuata, Leland alileta zulia la mpira kutoka ghalani akalitandika mbele ya friza, akamwambia saruji ina baridi, asisimame hapo bila zulia wala bila viatu. Miaka yote alilisafisha zulia lile kwa upendo. Vidole vyake vilipochonyota kwenye mfuniko wa friza alidhani ni baridi yabisi.

"Vernon," alisema. "Alijua?"

"Angejua angekitoa, shemeji."

"Au angeweka zulia."

Corinne alianza kulia, kwa hasira kuliko huzuni, akisema hapana, Baba hakuwa hivyo, Baba asingeweza. Brandt alimpa mtoto, akaenda akasimama nyuma ya pikapu, wakamsikia anatapika.

Nyumba yote ilikuwa na soketi kumi na nne za Leland. Noreen alizitaja kwa chumba, bila kupepesa, Vernon akiandika kwenye kiganja chake. Sita alizikuta na ujanja uleule. Mbili kati yake zilikuwa na moto kwenye tundu la ardhi, moja nyuma ya kitanda ambacho Tilda angelala kama wangekubali vyumba. Alizifunga zote kwa utepe mwekundu. Hata hivyo asiwadanganye, alisema, hakuna ajabu hapa. Ameshafungua nyingi kama hizi mjini. Wanaume wa kizazi chao walifundishana kwenye karata.

Wakati huo ndipo kitu kikamjia Noreen, na kilimshtua kuliko alumini. Akasimama katikati ya sebule.

Leland hakuwa mchoyo wa mikono yake. Opal Teply alipofiwa, Leland ndiye aliyembadilishia soketi za jikoni. Na ule ukumbi wa chini wa kanisa, pale penye majiko ya kahawa na watoto wa darasa la Jumapili. Na nyumba ya pembeni, ya wazee Kubik waliohama. Sasa inakaliwa na vijana wawili wenye mtoto wa miezi mitano. Jumamosi hizo zote Noreen alikuwepo na tochi. Aliletewa keki kwa shukrani.

Akaanza kutafuta kiatu chake.

Corinne alielewa kabla hajaambiwa. Alisimama mlangoni. Alimwomba asubiri, Vernon aende kimyakimya, aseme ni ukaguzi wa kawaida, kwa nini jina litajwe.

"Mama, Baba yuko kaburini. Watamsema."

"Watamsema wakiwa hai," alisema Noreen.

Hakusema kwa ukali. Alimshika binti yake shavu kwa migongo ya vidole, akamsogeza kando kama unavyosogeza pazia. Vernon akachukua kisanduku akamfuata. Alipenda waanzie kanisani, lakini Noreen alikataa; kanisani Jumatano hakuna mtu, na kwa Opal yuko Opal.

Jua lilikuwa bado kali. Nyumba ya Opal ni ya nne. Noreen hakuzunguka kwa mlango wa mbele. Alipita uani, moja kwa moja hadi mlango wa jikoni wenye wavu. Opal alikuwa kwenye sinki, mikono imezama hadi kwenye viwiko katika maji ya kuoshea saladi, na karibu na bega lake, ukutani, soketi nyeupe ya matundu matatu, birika la chuma limechomekwa na linaanza kutoa mvuke. Alifurahi kuwaona. Alisema waingie, chai inakaribia, na akatoa mkono mmoja majini kulifikia birika.

"Opal, simama hivyohivyo," alisema Noreen kupitia wavu. "Usiliguse. Rudi nyuma hatua mbili. Soketi hiyo aliiweka Leland, na Leland alikosea."

Opal alibaki na mkono hewani, maji yakimdondoka kwenye kiwiko. Alimtazama Noreen, akamtazama Vernon na kisanduku chake, akamtazama tena Noreen.

"Leland wetu?"

"Leland wangu," alisema Noreen. "Nionyeshe swichi kuu iko wapi."